Nilikuwa medic kwenye rig ya mafuta kule Bahi, nikawaambia wanawake udongo wa mtambo ni ruksa kula

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu habari za siku nyingi.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Miaka yote nakaa pembeni, nasoma mikasa yenu, nacheka, nagonga like, nalala. Lakini juzi nimekutana na mtu Bahi, akanipa kitu nikakiweka mdomoni, na tangu hapo sina raha mpaka niandike.

Kisa ni changu mwenyewe. Nilikuwepo, na mbaya zaidi mkosaji ndani yake ni mimi. Sitapamba. Majina ya watu nimebadilisha, na jina la kampuni msiniulize, sitalitaja.

Naandika kwa simu na macho yenyewe ni ya uzeeni, mkikuta herufi zimerukana mnivumilie.

Mimi ni mtoto wa Dodoma mjini. Babu wa babu yangu aliingia na misafara ya biashara, akanogewa, pwani hakurudi tena. Kwa hiyo sisi ni Waislamu wa mjini, Kiswahili ndiyo lugha ya jikoni kwetu. Kigogo nakijua cha kusalimia na cha kununulia mbuzi, basi.

Nilisomea utabibu. Clinical officer, siyo daktari wa digrii. Lakini kijijini ukishavaa koti jeupe wewe ni daktari, na mimi sikuwahi kumsahihisha mtu. Utamu wa kuitwa daktari ukiwa bado kijana, wakuu acheni tu.

Enzi hizo ndiyo ruksa imekolea. Wazee wenzangu mnakumbuka. Mitumba ruksa, maduka ya dawa ya watu binafsi ruksa, mpaka ukimpisha mtu mlangoni unamwambia "ruksa" na wote mnacheka. Upande wa pili serikalini watu wanapunguzwa kazini. Zahanati niliyokuwa mimi tulibaki wawili, mimi na nesi, na kabati la dawa lilikuwa na panadol na matumaini.

Ndipo ikaja kampuni ya nje kutafuta mafuta bonde la Bahi. Wakasimika mtambo wa kuchoronga mbugani huko, mbali na barabara, pembeni ya kijiji kimoja cha wafugaji na wakulima wa uwele. Wakatangaza wanataka medic anayejua Kiingereza. Nikaomba, nikapata contract. Wiki nne site, wiki mbili nyumbani.

Nyumbani tulikuwa tumepanga mtaa wa Kikuyu, pale pale Dodoma mjini, na mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza.

Hapa naomba niwape kitu kidogo, msikisahau. Mke wangu ile mimba ilimpa hamu ya udongo, balaa. Siku moja nikamfuma jikoni anatafuna kipande cha kichuguu kama biskuti. Nikamshushia somo la kliniki nzima: minyoo, upungufu wa damu, tumbo kufunga. Nikachukua kimfuko chake nikakimwaga chooni mbele ya macho yake. Alininunia siku mbili.

Haya, turudi site.

Kazi ya medic kwenye rig, siku nyingi ni kukaa. Unasafisha macho yaliyoingia vumbi, unafunga vidole vilivyobanwa na vyuma, unatibu malaria. Clinic yangu ilikuwa kontena lenye kitanda kimoja, feni, na friji dogo la dawa. Nje imepaki ambulance, nyeupe pee, kila asubuhi dereva anaifuta utadhani ni ya harusi.

Sheria moja ilikuwa kubwa kuliko zote. Mtambo ukiwa unachoronga, medic na ambulance lazima wawe ndani ya site. Ambulance ikitoka getini, kuchoronga kunasimama. Na clinic ni ya wafanyakazi tu. Mwanakijiji akija anaumwa, unampa pole na kumwelekeza zahanati, mwendo wa saa tatu kwa miguu.

Sasa kuna kitu cha kiufundi inabidi nikieleze, ni kifupi.

Mtambo ukichoronga, wanasukuma shimoni matope maalumu. Yale matope yanapoza chuma kinachokata mwamba na kupandisha juu mawe yaliyosagika. Yanatengenezwa kwa unga wa udongo unaoitwa bentonaiti, unakuja kwenye mifuko ya karatasi. Laini kama unga wa sembe, rangi ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa. Ukikutana na maji unavimba mara nyingi ya ulivyokuwa, ndiyo kazi yake. Na ukiulowesha kidogo unatoa ile harufu ya mvua ya kwanza.

Nadhani wenye wake mshaanza kuona ninakoelekea.

Wafugaji wakaja juu. Wanasema lile dimbwi la matope yanayotoka shimoni litaua ng'ombe wao. Bosi wa kambi, mzungu mmoja mtu mzima tuliyempa jina la Bwana Saa kwa sababu hakuacha kuangalia mkono wake, akaitisha mkutano uwanjani nje ya geti. Watu wakajaa. Wazee wamekaa kwenye vigoda na fimbo zao, kina mama upande wao, watoto juu ya uzio.

Akasimama mtaalamu wa matope wa kampuni, mzungu kijana. Akachovya kidole kwenye unga, akakilamba. Akasema kwa Kiingereza huu ni udongo wa asili, hauna sumu, ng'ombe akinywa maji yenye unga huu kidogo hafi.

Mtafsiri ni mimi.

Nikatafsiri vizuri tu. Ningenyamaza pale, leo nisingekuwa na uzi.

Lakini niliona wazee bado wamenuna. Nikaona kina mama wananitazama mimi, siyo mzungu. Kijana wa mjini, koti limepigwa pasi. Nikataka kuuchangamsha mkutano. Nikasema:

"Mnaona analamba mwenyewe na hafi! Huu ni udongo tu, jamani. Hata kina mama wenye mimba mnaopenda udongo, huu ni ruksa!"

Kicheko! Mjumbe wa kijiji akairudia kwa Kigogo, kina mama wakapiga vigelegele. Mzungu wa matope akadhani anapigiwa yeye, akainama kushukuru. Hata Bwana Saa akatabasamu. Nikarudi kontena langu najiona mwamba.

Siku chache baadaye akaja clinic jamaa mmoja, Nehemia. Alikuwa mtu wa pale pale kijijini, kazi yake kumimina ule unga kwenye tangi la kuchanganyia. Mpole, mchapakazi, anaongea kwa kupima. Alinikuta nje nacheza drafti na dereva wa ambulance, na nilikuwa nakula king.

Akasimama muda. Akasema, "Daktari, lile neno ulilosema siku ile, la udongo. Ni kweli?"

Sikuinua hata macho. Nikamjibu, "We Nehemia nawe! Kwani yule mzungu amekufa?"

Dereva akacheka. Nehemia naye akacheka kidogo, akashukuru, akaondoka.

Wakuu, huyu mtu alinifuata kuniuliza. Alinipa nafasi ya pili ya kusema ukweli, na mimi nilikuwa nakula king.

Miezi kama miwili ikapita. Nikaenda off, nikarudi. Joto lile la kabla ya mvua, mbuga imepasuka nyufa za kuzamisha mguu.

Siku moja, saa saba za mchana, mlinzi akanipigia simu ya upepo kwamba nahitajika getini. Nikakuta mkokoteni wa punda. Juu yake kalala mwanamke kwenye godoro la majani, mimba ya miezi saba hivi, midomo imekauka. Pembeni amesimama mama mmoja wa makamo ya juu, mkavu, mgongo umenyooka.

Nikamsalimia, "Mbukwenyi, mama. Shikamoo."

Akaitikia, akasema yeye ni mama yake Nehemia, na yule kwenye mkokoteni ni mkwewe, Marita. "Tumbo limegoma. Leo siku ya nane hajapata choo. Anatapika hata maji. Jana miguu ikakataa kusimama."

Nikapanda mkokoteni. Tumbo gumu kama meza, siyo ugumu wa mimba. Mapigo yanakimbia. Kope nikafungua, ndani kweupe. Nikasikiliza mtoto, moyo upo lakini haraka mno.

Nikamuuliza bibi, amekuwa akila nini?

"Ugali kidogo na mlenda, anatapika."

"Na nini kingine?"

Bibi akanishangaa. "Na udongo wako."

"Udongo wangu?"

"Si udongo wa daktari?" Akafungua ncha ya khanga, akatoa kopo. Ndani mna vidonge vidogo vimefinyangwa kwa mkono na kukaushwa juani, rangi ya uji wa ulezi. Akanieleza bila hasira yoyote, kama anamwelekeza mgeni njia. Mifuko ikipasuka kule kwenye tangi, unga unaomwagika hufagiliwa na kutupwa. Nehemia alikuwa anaukusanya anamletea mkewe, maana mimba hii ilimtesa kwa hamu ya udongo na kichuguu kiko mbali. Majirani wakaonja wakaupenda. Sasa hata gulioni unapangwa mafungu mafungu, na jina lake ndilo hilo. Udongo wa daktari.

"Wenye mimba wote wanakula," bibi akasema. "Ulisema ruksa."

Nilishuka kwenye mkokoteni nikashika ubao wa gurudumu.

Nilijua pale pale kilichotokea ndani ya lile tumbo. Unga unaovimba, umekutana na maji, umejaa utumbo mzima na kuganda. Nilijua pia kwamba bila upasuaji kesho hafiki, yeye na mtoto. Mkokoteni ufike zahanati jioni, zahanati imwandikie rufaa, mjini atafikaje? Gari lililokuwepo maili zote zile ni moja, nimelipa mgongo.

Na mtambo unachoronga, naisikia injini.

Sasa wakuu hapa nitawaambia kitu ambacho mke wangu mwenyewe nilimwambia baada ya miaka. Nilifikiria kunyamaza. Sikufikiria sekunde moja, nilifikiria vizuri. Naweza kumwambia bibi ni malaria kali, nimpe pole, nimwekee dripu pale pale, waende zahanati. Hakuna atakayejua. Maana kuomba ambulance kwa mtu asiye mfanyakazi lazima nieleze kwa nini, na nikieleza kwa nini contract imekufa. Serikalini hakurudiki, wanapunguza. Nyumbani mke ana mimba.

Wakati nawaza hayo Marita akafumbua macho, akaniona, akavuta khanga ajifunike miguu. Mtu yuko vile, bado anamstahi daktari.

Nikakimbia ofisini kwa Bwana Saa.

Mazungumzo yalikuwa Kiingereza, ila yalikwenda hivi. Akauliza, "Ni mfanyakazi wetu?" Nikasema hapana, ni mke wa Nehemia wa kwenye tangi. Akasema, "Basi sheria unaijua."

Nikamwambia, "Naijua. Lakini kilichomfunga tumbo ni unga wetu."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuangalia saa. "Nani alimpa?"

"Unga alipewa na mumewe, ni ule wa kufagia. Lakini ruhusa ya kula nilitoa mimi. Siku ya mkutano. Mtaalamu alisema hauna sumu, mimi nikaongeza kwamba wenye mimba wanaweza kula."

"Kwa nini uliongeza?"

Wakuu, nilitafuta jibu la kitaalamu.

Nikasema, "Nilitaka wacheke."

Akanitazama. Nilikuwa tayari kwa tusi lolote. Akachukua redio, akaagiza kuchoronga kusimame. Halafu akaniambia, "Kama ni unga wetu, ni mgonjwa wetu. Habari zako tutaongea ukirudi. Ondoka."

Ile injini haikuwa imenyamaza tangu siku tuliyoanza kuchoronga, mchana na usiku. Ilipozimika, kimya chake kiliwatoa watu majumbani kule kijijini. Niliwaona wamesimama mbali wanatazama.

Nehemia akaja mbio kutoka kwenye tangi. Alikuwa mweupe wa unga kuanzia vidole hadi viwiko. Akarukia nyuma ya ambulance, akampakata mkewe kichwa. Halafu akaiona mikono yake. Akaanza kuifuta kwenye suruali. Akafuta, akafuta, hautoki, jasho linaufanya unate zaidi. Ilibidi nimwage chupa nzima ya spiriti juu ya mikono ya yule mtu ndipo akatulia.

Dereva alikuwa fundi, Mungu amlaze pema. Lakini mbuga ya nyufa ni mbuga ya nyufa. Kila tukidunda Marita anauma khanga. Nimemtundikia dripu, nimeishika chupa kwa mkono, naangalia mapigo. Anapotea, anarudi. Bibi alikaa pembeni ya mlango anaongea na Mungu kwa Kigogo, sauti ya chini.

Njia nzima Nehemia alisema neno moja tu. Tulikuwa tumeshaingia barabara kubwa.

"Daktari, mimi nilikuuliza."

Nikamjibu, "Ndiyo, Nehemia. Uliniuliza."

Angenipiga ningeshukuru.

Tulifika hospitali mjini saa kumi na moja jioni. Akatupokea daktari wa upasuaji, mwanamama mkali asiye na salamu. Akasoma karatasi yangu ya rufaa. Nilikuwa nimeandika utumbo umeziba. Sehemu ya chanzo nimeiacha tupu.

"Umeziba na nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza yote, hakusema pole wala hakunitukana. Akanipa kalamu, akanionyesha ile nafasi tupu. "Jaza."

Nikajaza.

Jua halijazama wakamwingiza theatre. Walimtoa madonge, nilionyeshwa kwenye beseni, kama saruji iliyoanza kushika. Alitoka hai. Mtoto wakamwacha tumboni, moyo unadunda.

(Naona mtu atauliza kama mtoto alizaliwa. Alizaliwa, wiki ya tano baadaye, pale pale wodini. Wa kike, mdogo kama mkate, lakini sauti anayo.)

Siku ya tatu, mtambo ukiwa bado umesimama kunisubiri, nikaruhusiwa kwenda kumwona. Nilikuta Marita ameinuliwa kitandani, bibi anampa maji kwa kijiko. Nehemia amelala sakafuni kwa uchovu. Nikavuta stuli. Nilikuwa nimepanga hotuba ya kuomba radhi, nzuri, imekaa sawa.

Marita akaniwahi. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi nisogee.

"Daktari, una mke?"

"Ninaye. Naye ana mimba."

"Anakula udongo?"

Jamani. Ningeweza kusema lolote. Yeye angejuaje?

Nikasema, "Alikuwa anakula. Nilimkataza. Nilimwaga wote."

Akageuza macho darini.

Akasema, "Wa kwako ulimwaga. Sisi ukatuambia tule."

Ile hotuba niliimeza. Nililia pale kwenye stuli, mwanaume mzima na koti langu, wagonjwa wa vitanda vya jirani wanatazama. Nikasema nisamehe dada, nimekukosea, sikufikiri.

Bibi akaweka kikombe chini. Akaniambia, "Usilie hapa. Siku ile ulisema mbele ya kijiji kizima, sauti kubwa. Leo unaomba msamaha pembeni ya kitanda, unanong'ona. Kule nyumbani bado wanakula. Rudi ukaseme kwa sauti ile ile."

Nikarudi site. Bwana Saa aliniita, akanipa barua ya onyo, kali, ya mwisho. Kazi hakunifukuza. Nehemia naye hakuguswa, unga ulikuwa wa kutupwa. Nikamwomba bosi kitu kimoja: aitishe mkutano tena, uwanja ule ule. Akakubali, akasema safari hii kila nitakachotafsiri nitaandika kwanza asome. Nikamwambia safari hii sitafsiri cha mtu.

Watu wakajaa kama mara ya kwanza. Wazee na fimbo zao. Kina mama walikuwa wananisubiria mzaha, nyuso zimeshaanza kucheka. Hilo ndilo lililoniumiza.

Nikasema, "Siku ile niliwaambia udongo huu ni ruksa. Mzungu hakusema. Nilisema mimi, kutafuta kicheko. Nilikosea. Marita nusura afe yeye na mtoto kwa neno langu. Siyo ruksa. Mke wangu mwenyewe nyumbani nilimkataza udongo, na nyie nikawaruhusu. Naombeni mnisamehe, na naombeni mwenye nao aulete hapa leo."

Mjumbe akarudia kwa Kigogo. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akatema mate pembeni. Nikabaki nimesimama, sijui niondoke au nikae.

Halafu akainuka mama mmoja, tumbo mbele, akaenda nyumbani kwake. Akarudi na kibuyu, akamimina miguuni pangu. Akaja mwingine na sufuria. Mwingine na soksi ya mumewe imejaa. Mwingine vidonge kwenye khanga, akavitazama kwanza kama anaviaga, akavimwaga.

Mpaka alasiri lile lundo lilinifika magotini.

Nilipoliangalia lundo lile ndipo nikaogopa kweli kweli, wakuu. Nilikuwa namwazia Marita peke yake. Kumbe nyuma yake kulikuwa na foleni. Wiki nzima iliyofuata Bwana Saa alinipa ruhusa jioni mtambo ukibadilisha vyuma, nikapita nyumba kwa nyumba kupapasa matumbo. Wawili niliwakuta wameanza kufunga. Niliwahi.

Msimu ule shamba la Nehemia halikulimwa, mke yuko wodini na bibi ndiye muuguzaji. Nilipeleka magunia ya mahindi. Bibi akapokea bila kunishukuru, na alikuwa na haki yake.

Mafuta hayakupatikana. Shimo likatoka kavu, kampuni ikafungasha vyuma ikaondoka. Mimi nikahangaika hapa na pale, baadaye nikapata kufundisha chuo cha afya mpaka nimestaafu.

Sasa hiyo juzi.

Nilikuwa natoka Manyoni, gari likasimama Bahi watu wanunue mchele. Nikashuka kunyoosha miguu. Pembeni ya wauza mchele kuna mama kakaa chini, amepanga mafungu ya kichuguu, kile cha kuchomwa, chekundu. Nywele nyeupe. Nikapita, nikarudi nyuma hatua mbili.

Nikasema, "Mbukwenyi."

Akainua macho. Alinitazama kwa utulivu, kuanzia viatu mpaka miwani.

Akasema, "Daktari wa ruksa."

Kumbe ndilo jina langu kule, miaka yote hii. Nilicheka na machozi yananitoka. Nikachuchumaa. Tukaulizana hali. Bibi alishafariki. Nehemia yupo, analima mpunga. Yule wa kike sasa ana watoto watatu, yuko Kibakwe ameolewa. Mke wangu naye akamuulizia, alizaa salama? Nikamwambia alizaa salama, wa kiume.

Nikashindwa kujizuia, utabibu haustaafu. Nikamwambia, "Marita, bado tu udongo? Baada ya yote yale?"

Akachukua kipande, akakivunja kati. Nusu akanishikisha mkononi.

"Anza wewe," akasema.

Wenzake wauza mchele wanatazama. Dereva anapiga honi. Mimi ambaye nimewafundisha wanafunzi madhara ya udongo miaka ishirini na ushee.

Nikakitia mdomoni, nikatafuna. Kina ladha ya moshi na mvua. Nikameza, akahakikisha nimemeza. Ndipo naye akala nusu yake, akaniambia haya nenda, gari litakuacha.

Wakuu, somo langu ni hili na sina lingine. Ukiwa na koti, au cheo, au kipaza sauti, kuna watu hawachukui maneno yako kama mzaha. Wanayabeba nyumbani kuwapelekea wanaowapenda. Kabla hujamwambia mtu afanye kitu, jiulize kama wa kwako nyumbani umemruhusu. Na ukikosea kwa sauti kubwa, nenda kasahihishe kwa sauti hiyo hiyo.

Nimekaa mkao wa kusemwa, nisemeni tu. Manesi na matabibu wa humu, hasa nyie wachangamfu mnaopenda kuchekesha wagonjwa kama mimi wa enzi zile: kuna neno liliwahi kuwatoka mkatamani kulirudisha? Mlilifuata mkalirudisha, au bado liko huko linatembea?